Bahari, Mabonde na Mpunga: Historia ya Kale ya Kinjumbi na Pwani ya Kilwa

Kata ya Kinjumbi iko kaskazini mwa Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, kati ya milima ya Matumbi na ukanda wa pwani wa Somanga, na si mbali na nchi tambarare ya mto Rufiji ambayo kwa muda mrefu imekuwa mojawapo ya maghala ya chakula ya pwani hii. Katika mabonde ya Kilwa kaskazini, yanayopokea maji ya milimani wakati wa masika na kuyashika kwa muda kabla hayajapotelea mikokoni, mpunga hulimwa pamoja na mihogo, mahindi, mtama na ufuta, na umezoeleka kiasi kwamba ni rahisi kuudhani kuwa ulikuwapo tangu mwanzo wa ukulima wa nchi hii. Dhana hiyo si sahihi. Wala si sahihi dhana ya pili, ambayo imerudiwa mno katika maelezo ya historia ya Waswahili, kwamba wageni wa ng'ambo walishusha mpunga pwani na wenyeji wakaupokea kama walivyopokea vyombo vya kaure na nguo za hariri. Ushahidi wa mashapo ya bahari, wa mbegu zilizoungua na wa maandishi ya kale unaonyesha jambo jingine: kwamba bonde lenyewe la mpunga ni changa, limeumbwa na mwendo wa bahari na mito katika miaka elfu chache tu iliyopita, kwamba mbegu ilipofika ilikuwa kwanza shehena ya jahazi, na kwamba waliogeuza shehena hiyo kuwa zao ni wakulima wa bara waliokwisha kuujua mwenendo wa mafuriko kabla hawajauona mpunga.

Msingi wa nchi yenyewe uliwekwa zamani zisizokuwa na binadamu. Chini ya udongo wa juu wa Kilwa kuna matabaka mazito ya mfinyanzi uliotuama polepole kwenye sakafu ya bahari, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Uingereza wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania walitoboa mashimo katika eneo la Kilwa, ikiwamo Pande, ili kuchukua sampuli ndefu za matabaka hayo. Ndani yake walikuta foraminifera, yaani viumbe wadogo mno wa baharini wenye magamba ya chokaa, waliohifadhika vizuri kuliko katika sehemu nyingi za dunia kwa sababu mfinyanzi wa Kilwa haupitishi maji na hivyo haukuruhusu magamba kuyeyuka wala kubadilika. Kwa kupima kemia ya magamba hayo wanasayansi walisoma habari ya mageuzi makubwa ya hali ya hewa yaliyotokea yapata miaka milioni 34 iliyopita, wakati barafu ilipoanza kuifunika Antaktika na bahari zote za dunia zikapungua kina. Inafaa msomaji wa Kilwa ajue kwamba udongo wa wilaya yake umetajwa katika majarida ya kisayansi ya dunia kwa ajili hiyo. Tabia ileile ya kuzuia maji, iliyohifadhi magamba hayo, ndiyo inayoufanya mfinyanzi kushika maji ya mvua juu ya ardhi, na mpunga ni mmea unaotaka miguu yake iwe majini.

Hata hivyo mfinyanzi peke yake haufanyi bonde. Ili kuelewa sura ya sasa ya pwani inabidi kurejea kwenye kilele cha Zama za mwisho za Barafu, kati ya miaka 26,000 na 19,000 iliyopita, wakati sehemu kubwa ya maji ya dunia ilikuwa imeganda kaskazini mwa Ulaya na Amerika na kwenye ncha za dunia, na uso wa bahari ukawa chini ya uso wa sasa kwa karibu mita 120. Wakati huo rafu ya bara, yaani ukingo wa nchi kavu ambao leo umefunikwa na maji ya kina kifupi, ilikuwa wazi mbele ya pwani ya sasa. Unguja na Mafia hazikuwa visiwa bali miinuko ya bara, na mahali ilipo Kilwa Kisiwani palikuwa sehemu ya bara. Pemba haikuhusika, kwa kuwa mfereji wa bahari unaoitenga ni wa kina kirefu sana na uliitenga zamani zaidi. Katika pango la Kuumbi, kusini mashariki mwa Unguja, wachimbaji wamekuta mifupa ya wanyama wa mbuga kama punda milia na nyati, walioliwa na wawindaji wa zama hizo, na ambao hawakuonekana tena baada ya bahari kuizunguka Unguja na kuifanya kisiwa. Mito nayo, kwa kuwa ilikuwa na mteremko mrefu zaidi wa kufika baharini, ilichimba mabonde yenye kina ambayo hayakujaa mashapo. Nchi iliyo karibu na Kinjumbi ilikuwa sehemu ya bara iliyo mbali na maji ya chumvi, na mabonde yake yalimwaga maji badala ya kuyashika.

Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda kwa kasi ambayo binadamu wa kizazi kimoja aliweza kuiona katika sehemu zilizo tambarare. Mwanzoni mwa Holosini, jina ambalo wanajiolojia wamekipa kipindi cha kuanzia miaka 11,700 iliyopita hadi leo, maji yalikwisha kuingia katika mabonde ya kale, na ghuba za Kilwa, zenye vilindi vilivyopendwa baadaye na manahodha, si kitu kingine ila mabonde ya mito yaliyozama. Kasi hiyo ilipungua mno yapata miaka 7,000 iliyopita. Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo matokeo yake mkulima wa leo anayatumia: mito haikuweza tena kukimbilia bahari inayorudi nyuma, bali ilikutana na bahari iliyotulia, ikapoteza nguvu karibu na mlango wake na kuangusha tope, mchanga na mboji iliyokuwa imebeba kutoka milimani. Rufiji ilijenga delta, yaani nchi iliyogawanyika kwa vijito vingi kabla ya kufika baharini, na mto Matandu na vijito vidogo vya Kilwa vilijaza mabonde yao kwa kiasi cha nguvu zao.

Historia hiyo imesomwa kwa njia ya chavua. Kila mmea unaochanua humwaga chembe za chavua zenye umbo lake mahsusi, na chembe hizo huweza kudumu maelfu ya miaka katika tope lisilo na hewa; kwa hiyo anayechoma bomba refu katika tope la mikokoni na kuhesabu chavua za kila tabaka huweza kujua ni miti gani ilisimama mahali hapo na wakati gani. Paramita Punwong na wenzake wa Chuo Kikuu cha York walifanya kazi hiyo katika delta ya Rufiji na Unguja, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2013 yanaonyesha mikoko ikihamia upande wa nchi kavu bahari ilipopanda katikati ya Holosini, kisha ikirudi upande wa bahari maji yaliposhuka kidogo katika milenia zilizofuata. Wanaojua mikoko watauelewa ushahidi huu haraka, kwa kuwa kila aina ina kiwango chake cha maji: mlilana husimama mbele kwenye mawimbi, mkoko na msinzi hufuata katika tope linalofunikwa kila siku, mkandaa na mchu huvumilia ardhi iliyo juu yenye chumvi nyingi, na msikundazi hukaa mahali ambapo maji baridi ya mto hushinda. Mstari wa miti hiyo unaposogea, mpaka wa chumvi umesogea. Na mpaka wa chumvi ndio mpaka wa mpunga, kwa maana mmea huu huvumilia mafuriko lakini hauvumilii maji ya bahari.

Wakati huohuo mvua nazo zilibadilika. Kuanzia yapata miaka 14,800 hadi karibu miaka 5,500 iliyopita Afrika ilipita katika kipindi kirefu cha unyevu, ambapo maziwa ya Bonde la Ufa yalijaa na hata Sahara ilikuwa na malisho. Barafu ya Kilimanjaro, iliyotobolewa na Lonnie Thompson na wenzake mwaka 2000, imehifadhi alama za ukame mkali wa yapata miaka 8,300, 5,200 na 4,000 iliyopita, na ukame huo wa mwisho unajulikana pia kutoka Misri hadi Bara Hindi. Kwa pwani ya Kilwa mambo haya mawili yalikwenda kinyume: mvua zilipokuwa nyingi mabonde yalikuwa bado hayajajengwa, na mabonde yalipokamilika mvua zilikuwa zimepungua na kuwa za misimu, zikitegemea joto la Bahari ya Hindi na pepo za kaskazi na kusi. Ardhi ya mpunga ikapatikana katika hali ya hewa isiyo na uhakika, na hali hiyo imeendelea kuwa tabia ya kilimo cha huku hadi leo.

Mbali sana na hapa, bahari hiyohiyo iliyopanda ilikuwa ikiamua hatima ya wakulima wa kwanza wa mpunga. Mpunga wa Asia, ambao wataalamu huuita Oryza sativa, ulianza kutunzwa na watu wa bonde la mto Yangtze nchini China. Katika Shangshan mabaki yake ni ya yapata miaka 10,000 iliyopita, ingawa ilichukua maelfu ya miaka mingine kabla mmea haujabadilika kabisa. Alama ya mabadiliko hayo ni ndogo sana lakini haina shaka: punje ya mpunga-mwitu hudondoka yenyewe ikiiva na kuacha kovu laini kwenye kikonyo, ilhali punje ya mpunga uliofugwa husubiri mkono wa mvunaji na huacha kovu la kuvunjika. Huko Kuahuqiao, karibu na jiji la Hangzhou, watu walichoma vichaka vya kinamasi cha pwani yapata miaka 7,700 iliyopita, wakadhibiti maji yaliyochanganyika na chumvi na kupanda mpunga, lakini baada ya miaka kama 150 bahari iliingia na kuifunika kazi yao. Kisa cha Kuahuqiao kinastahili kukumbukwa na kila anayezungumzia mashamba ya pwani, kwa sababu kinathibitisha kwamba kilimo cha mpunga kilifika mapema ukingoni mwa bahari pamoja na hatari zake zote, na kwamba wakulima waliofukuzwa na maji hawakuiacha mbegu. Milenia mbili baadaye, katika eneo hilohilo, jamii ya Liangzhu ilijenga mabwawa na mifereji mikubwa kwa ajili ya mji uliolishwa na mpunga.

Afrika haikungoja Asia ili iujue mpunga. Katika delta ya ndani ya mto Niger, nchini Mali ya leo, watu walifuga aina ya Kiafrika iitwayo Oryza glaberrima, na punje zake zimepatikana katika mji wa kale wa Jenné-jeno. Mashariki ya bara hili jamaa wa mwituni walikuwapo na bado wapo: Oryza longistaminata, wenye mashina yanayotambaa chini ya ardhi, huota katika vinamasi vya Tanzania na wakulima huwajua kama magugu sugu ya mashamba. Ingawa mmea ulikuwa mlangoni, hakuna jamii ya pwani hii iliyoufuga, na sababu haipaswi kutafutwa katika uzembe wa mtu yeyote. Wakulima walioenea pwani katika karne za kwanza baada ya Kristo, wenye vyungu vinavyoitwa na wanaakiolojia kwa jina la Kwale na wenye ujuzi wa kuyeyusha chuma kama ulivyoonekana Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, walikuja na mtama, uwele na wimbi, nafaka zilizochaguliwa kwa vizazi vingi ili zistahimili mvua zinazochelewa. Mkulima mwenye nafaka tatu zinazomlinda na njaa hana haja ya kufuga jani la kinamasini. Felix Chami, ambaye utafiti wake wa miaka ya 1980 na 1990 ulibadili uelewa wa pwani hii, ameonyesha kwamba makazi ya wakulima hao yalienea kutoka bara hadi delta ya Rufiji na visiwa vya Mafia, na kwamba miji ya Waswahili ilikua kutoka katika mzizi huo.

Mchele ulifika ukiwa chakula kabla mpunga haujafika ukiwa mbegu ya shambani. Kitabu cha manahodha cha karne ya 1 kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri, kinataja mchele miongoni mwa bidhaa zilizoletwa na vyombo kutoka kaskazini magharibi mwa Bara Hindi hadi masoko ya pwani ya Somalia, pamoja na ngano, samli, mafuta ya ufuta na nguo za pamba. Kusini zaidi kitabu hicho kinamalizia safari Rhapta, bandari ya pembe za ndovu ambayo Chami na wengine wanaiweka katika eneo la Rufiji. Biashara ya mchele, kwa hiyo, ilikuwa imeigusa Afrika Mashariki karne kadhaa kabla ya dalili yoyote ya kilimo chake.

Dalili hizo hutafutwa kwa njia iliyo rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Udongo uliochimbwa kutoka jikoni au jalalani humwagwa ndani ya pipa la maji, na kwa kuwa mkaa huelea ilhali mchanga huzama, punje zilizoungua huchotwa juu kwa chujio laini, hukaushwa, hutambuliwa kwa hadubini na hupimwa umri kwa kaboni-14, yaani aina ya kaboni inayopungua kwa kasi inayojulikana tangu kiumbe kilipokufa. Mwaka 2016 Alison Crowther, Nicole Boivin na wenzao walichapisha matokeo ya kazi hiyo kutoka maeneo 18 ya Afrika Mashariki, Komoro na Madagaska. Katika Komoro na Madagaska walikuta mpunga, choroko na pamba ya Asia kwa wingi kuanzia karne ya 8 hadi ya 10, jambo lililounga mkono ushahidi wa lugha, kwa kuwa Kimalagasi ni ndugu wa lugha za bonde la Barito katika kisiwa cha Borneo. Katika pwani ya bara na visiwa vyake vya karibu hali ilikuwa tofauti kabisa: mtama, uwele na wimbi ndivyo vilivyotawala, na mpunga ulionekana kwa uchache tu katika maeneo machache kama Unguja Ukuu na Tumbe. Maana ya tofauti hiyo ni nzito. Watu wa Madagaska walivuka bahari wakiwa na utamaduni mzima wa mpunga; watu wa pwani ya Tanzania walipewa punje, na utamaduni wakaujenga wenyewe.

Ujenzi huo ulichukua karne nyingi, na umeonekana vizuri zaidi Pemba. Sarah Walshaw alilinganisha mabaki ya Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, na yale ya Chwaka ya karne ya 11 na kuendelea, akaona kwamba Tumbe ililishwa kwa uwele na Chwaka kwa mpunga. Ingekuwa rahisi kusema kwamba mvua ziliongezeka, lakini mashapo ya ziwa Naivasha nchini Kenya yanaonyesha kwamba sehemu kubwa ya karne ya 11, ya 12 na ya 13 ilikuwa kavu katika Afrika Mashariki, na kipindi cha unyevu kilianza yapata mwaka 1270. Mpunga ulipanda hadhi wakati mvua hazikuwa rafiki, na sababu iliyo karibu na ukweli ni ya kijamii: miji ilikuwa inakua, Uislamu ulikuwa unaenea, misikiti ya mawe ilikuwa inajengwa, na kumkirimu mgeni kwa wali kulikuwa kumekuwa kipimo cha uungwana. Mabadiliko ya hali ya hewa na ya bahari yaliweka mipaka ya kile kilichowezekana. Ndani ya mipaka hiyo watu waliamua wenyewe.

Kilwa inashiriki habari hii kwa namna yake. Katika Songo Mnara, mji wa mawe uliostawi kuanzia mwisho wa karne ya 14 hadi mwanzo wa karne ya 16, uchimbaji ulioongozwa na Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones tangu mwaka 2009 umetoa mpunga pamoja na mtama, uwele, pamba na nazi, dalili ya kwamba wakaaji wa nyumba zile hawakuziacha nafaka za mababu walipopata wali. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikuwa ameandaliwa Mogadishu wali uliopikwa kwa samli na kuwekwa katika sinia kubwa la mti pamoja na vitoweo vya nyama, kuku, samaki na mboga, na alipopita Mombasa alieleza kwamba kisiwa hicho hakikulima nafaka bali kililetewa kutoka pwani ya bara. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliitaja Pemba, Unguja na Mafia kuwa visiwa vyenye mchele, nafaka na nyama kwa wingi. Kilwa Kisiwani yenyewe ni kisiwa cha matumbawe chenye ardhi haba, na mji wa watu maelfu uliowahi kutawala dhahabu ya Sofala haukuweza kujilisha bila bara lililo mkabala wake.

Wenyeji wa Kilwa waliuelewa uhusiano wa kisiwa na bara kwa njia ya masimulizi pia. Tarikh ya Kilwa, iliyohifadhiwa kwa Kiarabu, kwa Kireno na kwa Kiswahili, inasimulia kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo kutoka kwa mtawala wa bara, na kwamba wakati huo maji yalipokupwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu, hadi mkondo ulipofanywa kuwa wa kina ili yule mtawala asirudi. Katika toleo la Kiarabu mkondo ulichimbwa, katika la Kiswahili uliongezwa kina kwa kisomo cha Kurani. Wanahistoria wengi wamekisoma kisa hiki kama hati ya milki tu. Kinastahili pia kusomwa kama ushuhuda wa watu waliojua kwamba kina cha mkondo hubadilika na kwamba kisiwa kinaweza kuwa bara, na Edward Pollard, aliyechunguza fukwe za Kilwa, ameonyesha kwamba watu hao walijenga hata njia za matumbawe juu ya miamba inayofunikwa na maji kujaa.

Ujuzi wa kilimo chenyewe ulikuwa mikononi mwa Wandengereko, Warufiji na Wamatumbi, na ni Rufiji ambako umeelezwa kwa ukamilifu. Mpunga hupandwa mvua za kwanza zinaponyesha, ili mche uwe na urefu wa kutosha kabla mafuriko ya Machi hadi Mei hayajafika. Mafuriko yakiwahi huuzamisha, yakichelewa huukausha, na kwa hiyo familia yenye busara hutawanya mashamba yake katika viwango mbalimbali vya ardhi na kupanda mbegu zinazoiva kwa nyakati tofauti. Wakati wa kuiva familia nzima iliishi bondeni katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kuamia ndege na kuwafukuza nguruwe na viboko. Maji yakishapungua hufuata mlau, kilimo cha mahindi, kunde na mboga katika unyevu uliobaki, kinachozuia njaa mpunga unapoharibika. Mfumo huu ni sayansi, kwa kila maana ya neno hilo, na ulipevuka bila mtaalamu yeyote wa nje. Serikali ilipowahamisha watu kutoka bondeni kwa Operesheni Rufiji, baada ya mafuriko ya mwaka 1968, iliwakinga na maji lakini iliwatenga na mashamba yao, na wengi waliendelea kurudi kwenye madungu kila msimu.

Karne ya 19 iliongeza mahitaji. Unguja na Pemba, zilizokuwa zikiuza mpunga nje, zilijaza ardhi yao mikarafuu kuanzia miaka ya 1830 na, kama alivyoeleza mwanahistoria Abdul Sheriff, zikaanza kuagiza chakula. Mrima, yaani pwani ya bara inayokabili visiwa hivyo, ikawa mgavi wao, na Kilwa Kivinje, iliyoneemeka hasa kwa biashara mbaya ya watumwa, ilipakia nafaka katika majahazi yaleyale. Kisha Wajerumani walitaka pamba. Mashamba ya pamba ya shuruti yaliyoanzishwa mwaka 1902 yalidai nguvu za watu katika miezi ileile ambayo chakula kilihitaji kupaliliwa na kuamiwa, na mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Matumbi, waling'oa pamba na kuwasha moto wa vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyehamasisha vita hivyo, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo. Vita hivyo vina sababu nyingi, lakini aliyezoea kalenda ya bonde hawezi kushangaa kwamba vilianza mahali ambapo pamba iligombea wakati na chakula.

Mwendo wa bahari na mito haujakoma. Baada ya mafuriko ya mwaka 1978 mkondo mkuu wa Rufiji ulihamia upande wa kaskazini wa delta, ukapeleka maji baridi huko na kuuachia upande wa kusini, ulio karibu na Kilwa, maji ya chumvi; wakulima waliufuata mto na kufyeka mikoko ili kupanda mpunga, jambo ambalo limewagonganisha na wahifadhi hadi sasa. Januari 2020 mafuriko yaliviharibu vijiji vya Kilwa, na mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, Somanga ikiwamo. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, linazuia sehemu ya tope ambalo kwa miaka 7,000 limekuwa likijenga nchi hii, na bahari inapanda tena.

Karibu kila punje ya kale ya mpunga wa pwani hii iliyotajwa hapa imetoka visiwani, kwa sababu wachimbaji wamevutwa na misikiti na makasri ya mawe, ilhali mashamba yaliyoilisha miji hiyo yalikuwa bara. Kasoro hii inaweza kurekebishwa, na haihitaji fedha nyingi: pipa la maji, chujio, bomba la kuchukua tope na wanafunzi wenye subira. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachofundisha akiolojia tangu miaka ya 1980, Idara ya Mambo ya Kale na Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa vinapaswa kuipeleka kazi hiyo Kinjumbi, Somanga na bonde la Matandu, pamoja na kuandika maarifa ya wazee wanaokumbuka maisha ya madungu na majina ya mbegu za mpunga zilizokuwapo kabla ya mbegu iitwayo Supa, kabla mafuriko mengine hayajayachukua majalala ya vijiji vya kale na kabla wazee hao hawajaondoka.